Maji Yapimwe Kabla ya Gesi Kuchimbwa



Nazungumzia kisima ambacho hakijachimbwa. Katika ramani ya vitalu vya kutafuta mafuta na gesi nchini Kenya, kitalu kilichoitwa 12B kilichorwa huku kwetu Nyanza. Leo hapa hakuna anayechimba gesi, na ndiyo maana wakati wa kusema ni huu.

Kisima cha gesi hupenya kwanza matabaka ya maji tunayokunywa. Kinachotenganisha gesi na maji hayo ni bomba la chuma na saruji iliyomiminwa kulizunguka. Saruji ikipata ufa, methani hupanda. Haina rangi wala harufu. Hata gesi ya mtungi wa jikoni hunuka kwa sababu imetiwa harufu kiwandani. Mama anayeteka maji kisimani Nyalenda hawezi kuigundua kwa pua. Ikifika angani, katika miaka 20 ya kwanza hulipasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko kiasi hichohicho cha kaboni dioksidi. Pamoja na gesi hutoka maji ya chumvi kutoka vilindini, mara nyingine makali kuliko ya bahari, yakiwa na metali nzito.

Yamwageni maji hayo katika Ghuba ya Winam, muone. Ghuba hii ni ya kina kifupi, na maji yake hutoka kwenda ziwa kuu kwa shida kupitia mlango wa Rusinga. Pale Mbita, barabara ya kifusi iliziba mkondo kwa miaka mingi hadi daraja lilipokamilika mwaka 2017. Magugumaji yaliyoijaza ghuba hii tunayajua sote. Na ni katika ghuba hiihii ambamo mji wa Kisumu huvuta maji ya mifereji, pale Dunga.

Mwaka 2015, mafuta ya bomba yalivuja na kuingia Mto Thange, Kibwezi. Wakaazi walibaki miaka wakidai haki mahakamani. Hilo lilikuwa bomba, na mafuta huonekana na kunuka. Je, gesi?

Hapa pana jambo linalonikosesha usingizi. Matope na mafunjo ya Winam hutoa methani yenyewe tangu zamani. Kesho mkulima wa Ahero akilalamika kuwa kisima chake kina gesi, mchimbaji atamjibu kwamba hiyo ni gesi ya kinamasi. Maabara inaweza kuzitofautisha gesi hizo mbili kwa kupima isotopu za kaboni, lakini jibu halitakamilika bila kipimo cha maji yalivyokuwa kabla ya mashine kufika. Sheria ya Petroli ya 2019 imeshagawa faida inayoangukia serikali: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii. Fedha ambazo hazijapatikana tayari zina hesabu. Maji tunayoyanywa leo hayana.

Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake humuhumu Kisumu, na Itifaki ya bonde hilo ya mwaka 2003 inazibana nchi zetu kulilinda ziwa. Chuo Kikuu cha Maseno kiko jirani. Naomba sampuli za maji zichukuliwe Nyando, Kibos na ghubani, kiangazi na masika, na matokeo yabandikwe katika kila ofisi ya kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU) kwa Kiswahili na Kidholuo, kabla ya waziri yeyote kutia sahihi kibali cha kuchimba.