Ulimi Mzito Wodini



Leo tuwakumbuke vijana wetu wanaosomea udaktari. Tangu masomo hayo yaanze Nairobi mwaka 1967, wanafunzi wamekuwa wakifundishwa katika Hospitali ya Kenyatta, kando ya kitanda cha mgonjwa. Hapo mwanafunzi husimama mbele ya daktari mkuu, wauguzi na wenzake, aeleze mgonjwa ana umri gani, alianza kuugua lini, na ugonjwa wadhaniwa kuwa upi. Wengine wamesoma usiku kucha, lakini wakiitwa, moyo huenda mbio, kinywa hukauka, na maneno hupotea. Kisha hujiambia, "Mimi sifai kuwa daktari."

Wasikate tamaa. Moyo huenda mbio kwa sababu mwili umemwaga adrenalini katika damu, kama afanyavyo mtu aliyekutana na hatari. Jambo hilo huwapata hata wenye akili nyingi.

Lakini kunyamaza kuna hasara. Tuseme mgonjwa amemwambia mwanafunzi kwamba sindano ya penisilini iliwahi kumvimbisha koo. Daktari aandika dawa iyo hiyo. Mwanafunzi aogopa kuchekwa, anyamaza. Hofu ya mmoja yaweza kumpotezea mwingine uhai.

Tumwangalie Musa, katika Kutoka sura ya 4. Alilalamika kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumngoja mpaka uwe mwepesi. Alimtuma vivyo hivyo, akampa Haruni ndugu yake amsaidie. Basi mwanafunzi asijiulize, "Wananionaje?" Ajiulize, "Mgonjwa huyu anahitaji niseme nini?" Tena asibebe hofu peke yake. Usiku uliotangulia, aeleze habari za mgonjwa kwa sauti mbele ya mwenzake, arudie mpaka ulimi uzoee njia.

Na sisi washarika tuna sehemu yetu. Vijana hawa wakija nyumbani likizoni, tuwape somo la Jumapili walisome, tuwape matangazo wayatoe. Wakikwama, tuwangoje kwa upole. Aliyezoea kuchekwa kanisani atapata wapi ujasiri wa kusema wodini? Na huenda siku hiyo, aliyelala kitandani ni mmoja wetu.

Mungu awape vijana wetu ujasiri, nasi atupe subira. Amina.