Tusichague watoto kwa pointi peke yake

(Maneno yaliyosemwa Pweto, mbele ya wanachama na wafadhili)



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya kikundi chetu cha hesabu cha kila siku ya posho. Mnajua kuna wazo lililoletwa: pesa kidogo tuliyo nayo isaidie tu wanafunzi wenye pointi nzuri wanaojitayarisha kwa Mutihani wa Serikali. Wengine wangojee. Mimi nasema hapana, na nitawaeleza juu ya nini.

Kwanza habari ya mtu mmoja. Alizaliwa 1978 upande wa Marivan, kwa Wakurdi wa Iran, wazazi wake walimaji. Alikuwa mtoto mdogo vita ya Iran na Irak ilipoanza, ikadumu mpaka 1988, na Marivan iko karibu na mpaka. Hapa Pweto hakuna wa kuelezwa maana ya kuishi mpakani wakati wa vita. Ndugu yake mkubwa njo alimfundisha hesabu ya kupita ile ya darasa. Akasoma iniversite ya Teheran, na mwaka 2000 akafika Uingereza, akaomba hifadhi. Walimpeleka mji wa Nottingham. Iniversite ya mji ule ilimpokea, akafanya doktora, akaimaliza 2004. Nyuma akawa profesa kule Cambridge. Kazi yake ni kuchunguza maumbo yanayotoka ndani ya milinganyo na kuyapanga jamaa kwa jamaa, sawa vile mama anachagua maharagi kwa lungo.

Mwaka 2018, kule Rio de Janeiro, alipewa Medali ya Fields, inayotolewa kila miaka 4 kwa wanahesabu ambao hawajapita miaka 40. Siku ile ile mwizi akaiba medali, wakampa ingine. Anaitwa Caucher Birkar. Jina hilo hakuzaliwa nalo, alilichagua mwenyewe: kwa Kikurdi maana yake ni mwanahesabu mhamiaji.

Sisemi kila mtoto wetu atapata medali. Nasema angalieni mikono iliyomshika: ndugu nyumbani, halafu iniversite ya mji wa ugeni. Akili alikuwa nayo tangu kwao. Watu waliomfungulia mlango walifanya asiipoteze njiani.

Sasa turudi kwetu. Watoto wetu wengi walisoma Zambia, kwa Kiingereza. Hapa mwalimu anafundisha kwa Kifaransa. Watu wanasema, "Luga itakuja, hesabu ni moja kila pahali." Si kweli kabisa. Kule mbili na nusu wanaandika 2.5, na nukta. Hapa ni 2,5, na virgile. Kwa kugawanya, kule namba inayogawanya inakaa kushoto na jibu juu. Hapa inakaa kuume na jibu chini yake. Hata bilioni: kwa Kiingereza ni milioni 1000. Kwa Kifaransa cha shule, milioni 1000 inaitwa miliari, na bilioni ni milioni ya milioni.

Basi mtoto anafanya hesabu vizuri, anaiandika namna aliyofundishwa, anapata wino mwekundu. Wenzake wanacheka: "Muzambia!" Wiki ya tatu haji tena. Tukichagua kwa pointi, huyu njo wa kwanza kubaki inje, na pointi zile hazikupima akili yake. Zilipima tu amerudi tangu siku ngapi.

Na mabinti je? Kikundi kinaanza asubuhi, saa ya maji na soko. Halafu tunauliza sababu gani mabinti ni wachache. Wamama walio hapa wanajua jibu.

Ninaomba mambo mane. Moja: kila mgeni akae na mwenzake aliyerudi mbele yake, watengeneze daftari la sehemu mbili, namna ya kule na namna ya hapa. Mbili: kikundi kianze saa nane ya mchana. Tatu: aliyeacha masomo, hata mama mwenye mtoto mgongoni, aingie bila kuulizwa umri. Ine: wanafunzi wa mwaka wa mwisho wasaidie wadogo nusu saa kila posho. Hawatapoteza kitu. Anayeeleza sehemu kwa mdogo mpaka aelewe, naye siku ya mutihani hatazisahau.

Tena hii haiongezi gharama sana. Ubao ni ule ule, chaki ni ile ile. Kinachoongezeka ni madaftari, na viti wazazi wanaweza kuvileta.

Kwa wafadhili wetu: mnatuuliza matokeo, na ni haki yenu. Lakini musihesabu tu waliopita Mutihani wa Serikali. Tuulizeni pia: walioingia mwezi wa kwanza, ni wangapi bado wanakuja mwezi wa sita? Kama wanapotea, tuulizeni walikwenda wapi. Swali hilo litatusukuma kufanya kazi vizuri kupita ripoti ya pointi peke yake.

Wandugu, sisi tulirudi na mizigo kichwani, na kuna watu walitupokea kabla ya kutuuliza tunajua kufanya nini. Kikundi cha hesabu kifuate njia hiyo hiyo. Kura ni yenu.