SIKU MOJA YA MVUA KATIKA MUNANILA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Mlipotutaka tuseme habari za safari yetu ya baiskeli kutoka Kibondo mpaka Kigoma, bila shaka wengi walitazamia kusikia hesabu ya vilima na kilometa. Hizo twazimaliza kwa maneno machache: tulikuwa makarani wanne, tuliondoka Kibondo mwisho wa Februari katika likizo yetu, tukapita Makere na Kasulu, na kila jioni tulichoka. Habari tunayoona yafaa kusemwa mbele yenu ni ya siku ambayo hatukwenda mahali.

Tulifika Munanila jioni ya Jumamosi, hali tumelowa mpaka mifupani. Munanila ni katika nchi ya juu ya Buha, karibu na mpaka wa Burundi, nayo sasa imo katika wilaya ya Buhigwe, iliyokatwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Mzee mmoja, mjomba wa rafiki yetu wa ofisini, alitupokea yeye na mkewe, wakatupa moto, ugali wa muhogo na maharage. Usiku kucha mvua ilipiga juu ya mabati hata tukawa hatusikiani. Kulipopambazuka tulifungua mlango tukaona ukungu mtupu. Migomba iliyo hatua kumi tu kutoka kizingitini haikuonekana.

Hapo ndipo mabishano yalipozuka. Mwenzetu mmoja alitakiwa kuwapo ofisini Jumatatu asubuhi, Kigoma. Alisema ya kwamba mvua si moto, na ya kwamba karani aliyechelewa kwa ajili ya matope hana udhuru. Sisi wengine tulisema tungoje. Yeye akaitoa baiskeli yake akaisukuma katika njia ya kutoka kwa Mzee. Hakufika hatua hamsini. Udongo mwekundu ulijaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu likakataa kuzunguka, akairudisha begani kama mtu aliyebeba mbuzi. Hata hivyo hakushawishika.

Aliyemshinda ni Mzee. Yeye amesafirisha ndizi kwa baiskeli miaka mingi, na mtu wa namna hiyo huijua baiskeli kwa mkono kuliko sisi tunaoijua kwa kuiendesha tu. Aliinama, akabana breki, akatazama raba zake, zilikuwa zimelika karibu na chuma. Akasema, “Mwanangu, baiskeli hii yajua kwenda. Kusimama haijui.”

Maneno hayo hayakuwa mzaha. Nchi ile ya juu hupita mita 1,500 mahali pengi, na uso wa ziwa Tanganyika ni kama mita 770 tu juu ya bahari. Kutoka Manyovu mpaka Kigoma ni kilometa kama 60 za lami, na mtu ashukaye huko hupata mwendo mkali bila kutaka. Tena ringi ikilowa, raba huteleza kwanza juu ya maji kabla ya kushika chuma, na katika nafasi hiyo ndogo kona huwa imekwisha kufika. Mwenzetu alinyamaza. Kisha akampigia simu mkubwa wake, akaambiwa siku ile itakatwa katika likizo yake ijayo. Alikubali, ila mchana kutwa uso wake ulikuwa wa mtu aliyetozwa faini.

Basi tukajiweka sawa tupumzike. Kumbe mapumziko yalikuwa yetu peke yetu. Mvua ilipopungua ikawa manyunyu, Bibi alitwaa jembe, akajifunika mfuko wa plastiki kichwani, akatoka kwenda kupanda maharage ya msimu wa pili. Maana udongo ukiwa umelowa vile hauwezi kungoja wageni waondoke. Mzee akamfuata. Nasi wanaume wanne wenye nguvu tukabaki jikoni tukiota moto wao. Twasema kweli, ule moto haukuwa na raha. Tulipotoka kuwafuata Mzee alitucheka, akasema mgeni hupewa jembe siku ya tatu, na sisi hatujatimiza hata mbili. Lakini hatukurudi. Wawili walipanda maharage. Wawili waliziosha baiskeli, wakaitazama na ya Mzee, ambayo mpira wake wa ndani ulikuwa na viraka kumi na kimoja. Juu ya kazi yetu ya shambani twakiri: Bibi alipita nyuma yetu kimya kimya akifukia mbegu tulizoziacha wazi.

Jioni mvua ilirudi, na Mzee akatusimulia habari za babaye. Alikuwa mmoja wa Waha wengi walioandikwa na SILABU, shirika la wenye mashamba ya mkonge la kutafuta wafanya kazi, lililoanzishwa mwaka 1944. Alikwenda kwa miguu mpaka Kigoma, akapanda gari la moshi, akaenda kukata mkonge upande wa Tanga. Huko alipewa kipande cha siku 30 za kazi. Siku aliyofanya kazi iliandikwa, na siku asiyofanya haikuandikwa, iwe kwa homa au kwa mvua. Wala mshahara haukutoka mpaka siku zote 30 zimetimia. Mwenzetu aliuliza, “Na kipande kile nani alikiandika?” Mzee akajibu bila ubaya wo wote, “Karani.”

Tulikaa kitambo bila neno. Wanachama wenzetu, mwajua ya kwamba chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika nchi hii kilianzishwa huko huko Tanga mwaka 1922, na Martin Kayamba na wenziwe. Twajivunia jambo hilo, na ni haki yetu. Lakini kilikuwa chama cha watu wa kalamu. Mkata mkonge hakuwamo. Leo sheria ya kazi ya mwaka 2004 yampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka, nasi tulikuwa tukizitumia hizo kutembea kwa baiskeli. Bibi hana hata moja. Usiku ule mwenzetu aliyekatwa siku hakuitaja tena.

Jumatatu kulikucha kweupe. Tulinunua raba mpya za breki dukani, nne kwa baiskeli mbovu na mbili kwa ile ya Mzee, pamoja na mpira wa ndani mmoja. Fedha tulizomtolea Bibi alizikataa, akatupa mahindi ya kuchemsha ya njiani. Tulishuka kutoka Manyovu polepole, mikono imekufa ganzi kwa kubana breki, tukaingia Kigoma alasiri. Jumanne mwenzetu alikuwa mezani pake kabla ya saa moja na nusu.

Mwezi wa Aprili Mzee alitupigia simu. Alisema maharage yametoa maua, na ya kwamba mistari yetu yajulikana tangu barabarani kwa jinsi ilivyopinda.