Shati la Pamba na Moshi Wake

Msikilizaji, mafundi cherehani wa Bwaise, hapa Kampala, hukata vitambaa vya pamba kila siku. Shambani, pamba ya Uganda kwa kawaida hutegemea mvua na huchumwa kwa mkono. Nishati inayotumika ni kidogo. Moto wenyewe uko kiwandani. Kusokota nyuzi, kufuma na kutia rangi hula umeme na mafuta, na gesi zinazopasha dunia joto huongezeka.

Nyumbani nako ipo pasi ya mkaa, nayo hutoa gesi hizo.

Kwa hiyo, vaa nguo yako muda mrefu zaidi, ili usihitaji mpya mapema. Ikichanika, mpelekee fundi. Ianike juani. Piga pasi nguo nyingi kwa mkupuo mmoja.

Nanyi mafundi, vipande vya vitambaa vinavyobaki msivichome, wala msivitupe mtaroni: mtaro ukiziba, Bwaise hufurika.

Tunarudia: vaa nguo yako muda mrefu zaidi.