Pesa za Usawazishaji Si Sadaka: Tuzifuate Kabla ya 2030



Leo nataka tuzungumze pesa. Si pesa za harambee, wala zile za mwanasiasa za msimu wa kura. Ni pesa ambazo Katiba imeamuru zitolewe kila mwaka kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Na wengi wetu tunaotoka maeneo hayo hatujawahi hata kuuliza ziko wapi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965, uhuru ukiwa bado mchanga, serikali ilitoa waraka wa sera, ule maarufu wa Nambari 10. Waraka ulisema pesa za maendeleo ziwekwe kwenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, mahali penye usafiri na umeme, kwa watu walio tayari kupokea maendeleo. Hoja yao ilikuwa kwamba huko pesa zitazaa haraka, kisha faida itawafikia wengine. Sasa wewe wa Mandera au wa Tana River jiulize: mvua haba, lami hakuna, stima hakuna. Kwa hesabu hiyo, hata kwenye foleni hukuwemo! Mwenye barabara akajengewa ya pili, asiye nayo akaambiwa asubiri. Tumesubiri.

Katiba ya 2010 ilikuja kurekebisha hilo. Kifungu cha 204 kikaunda Hazina ya Usawazishaji. Kila mwaka nusu ya asilimia moja ya mapato yote ya serikali ya kitaifa iingie humo. Yaani kwa kila shilingi 1,000, shilingi 5. Na kazi yake imetajwa wazi: maji, barabara, vituo vya afya na umeme, mpaka huduma hizo zifikie kiwango ambacho Wakenya wengine wanakipata. Kwa hivyo mtu akikuuliza, "Mbona nyinyi mpewe zaidi?" mjibu kwa upole: hatupewi zaidi, tunalipwa deni.

Je, deni limelipwa? Hebu tuangalie. Tume ya Ugavi wa Mapato, CRA, ilianza kwa kutaja kaunti 14. Katika kaunti sita za Pwani, tano zilikuwemo: Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit na Isiolo pia zilikuwemo. Lakini kukazuka mvutano: nani ashike miradi, Nairobi au kaunti? Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaibatilisha miongozo iliyokuwa ikitumika, na kanuni mpya zikaja 2021. Wakubwa wakivutana, mama mjamzito wa kijijini anaendelea kubebwa kwa bodaboda kwenye matope.

Kuna jambo jingine watu hawalijui. Ile nusu asilimia haipigwi kwa mapato ya mwaka huu. Inapigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, sisi tunakatiwa fungu la mapato ya zamani, na simiti tunainunua kwa bei ya leo.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Kifungu hicho kina mwisho. Kinakoma miaka 20 tangu Katiba ianze kutumika, yaani Agosti 2030. Bunge linaweza kukiongezea muda, lakini sharti zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti wakubali. Na wabunge watakaokuwa vitini 2030 ni wale mtakaowachagua Agosti 2027. Kwa hivyo mgombea akija kwenu na tisheti na kofia, muulize swali moja tu: Hazina ya Usawazishaji ikifika mwisho wake, utapiga kura gani?

Lakini kuuliza hakutoshi. Lazima tufuatilie, na kufuatilia hakuhitaji digrii.

Kwanza, jua kata ndogo yako. Sera ya pili ya CRA iliacha kuhesabu kaunti nzima ikataja kata ndogo 1,424 katika kaunti 34. Je, yenu imo? Ikiwa imo, imepangiwa mradi gani, kwa shilingi ngapi, na mwanakandarasi ni nani?

Pili, andika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na unaweza kuandika kwa Kiswahili. Kuwasilisha ombi ni bure, ila unaweza kutozwa gharama ya nakala. Si lazima ueleze kwa nini unataka kujua. Ofisi inapaswa kuamua ndani ya siku 21. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Weka nakala ya barua yako, na ipigwe muhuri siku unayoipeleka.

Tatu, tusiilaumu Nairobi peke yake. Kaunti nazo zinapata mgao wao kila mwaka, na sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kila kaunti, ziko wazi kwenye simu hiyo hiyo unayosomea maneno haya. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Kikao cha kutoa maoni kikiitishwa, nendeni. Mkiwaachia wazee watatu na watu waliolipiwa nauli, msilie baadaye.

Na mradi ukianza, piga picha. Piga wiki ya kwanza, piga baada ya miezi mitatu. Tangi lisilo na bomba halina maji, hata likizinduliwa kwa utepe.

Vijana wenzangu, mali ya umma ni amana. Anayeila ana hesabu yake, na anayeiona ikiliwa akanyamaza naye ana yake. Wazazi wetu waliambiwa wasubiri 1965. Sisi tuna kalamu, tuna simu, tuna kura. Wiki hii chagueni watano katika mtaa wenu, muandike barua moja. Jibu likija, lileteni tulisome pamoja. Lisipokuja ndani ya siku 21, hilo pia ni jibu, na tutajua pa kulipeleka.