Sentensi Tatu Kabla ya Kutoka Nyumbani



Najua leo kuna mpira, kwa hivyo sitawaweka sana.

Nianze na siku niliyojiaibisha. Nilikuwa na miaka 18, nimeenda kuomba kitambulisho. Bahasha yangu iko sawa: cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya baba na mama. Ofisa akaangalia karatasi, akaangalia jina langu, akasema, "Lete karatasi za babu yako." Babu alikufa kabla sijazaliwa. Nilitaka kuuliza ni sheria gani inayosema hivyo. Wallahi, neno halikutoka. Nikachukua bahasha yangu, nikasema "asante", nikatoka. Yaani nilimshukuru mtu aliyenirudisha nyumbani mikono mitupu!

Nikakaa zaidi ya mwaka mzima bila kitambulisho. Laini ya simu ni ya ndugu yangu. Kazi hakuna. Nikiona polisi mbele, nabadilisha njia.

Aliyeniamsha ni shangazi yangu, anauza mahamri. Aliniambia, "Mwanangu, wewe hukukosa karatasi. Ulikosa maneno. Mimi unga naukanda usiku. Nikingoja mteja afike ndipo nikande, nitamuuzia nini?"

Basi nikaanza kukanda maneno yangu. Kila siku baada ya alfajiri, kabla sijatoka, nasema kwa sauti sentensi tatu:

"Mimi ni Mkenya, nimezaliwa hapa."
"Nina haki ya kuuliza na kujibiwa."
"Nikitetemeka, nitasema huku natetemeka."

Miezi miwili. Ndugu zangu wa nyumbani walinicheka, wakadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Halafu nikarudi kwenye ile ofisi. Nikaulizwa swali lile lile. Mikono ilitetemeka, sitawadanganya. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea. Nikasema, "Naomba uniandikie sababu ya kunikatalia." Hilo sikulibuni mimi. Liko kwenye Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 47: uamuzi wa ofisi ukigusa haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ofisa akanitazama, akaniambia nikae. Nilikaa mpaka adhuhuri. Akaja mkubwa wake, akasoma karatasi zangu, nikapigwa alama za vidole siku hiyo hiyo.

Sasa nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Kuna watu mitandaoni wanakwambia simama mbele ya kioo useme "mimi ni tajiri, mimi siogopi chochote", na mambo yatajipa. Hayajipi. Mwaka 2009 mtafiti wa Kanada, Joanne Wood, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliwapa watu sentensi ya kujisifu, wairudierudie. Wale waliokuwa tayari wanajidharau walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao waliojidharau vilevile lakini hawakuisema. Mimi nadhani sababu si ngumu. Ukiuambia moyo jambo usiloliamini, moyo unakujibu, "Muongo wewe." Unakuwa umejitukana mwenyewe asubuhi na mapema.

Mtu ataniuliza, je, Muhammad Ali? Si alijiita mkubwa kuliko wote kabla hata hajawa bingwa? Kweli. Februari 1964 huko Miami Beach, akiwa na miaka 22, wengi waliamini Sonny Liston angemmaliza. Liston ndiye aliyebaki kwenye kiti, akakataa kutoka raundi ya saba. Lakini Ali hakuwa anasema tu halafu anarudi kulala. Alikuwa anafanya mazoezi tangu ana miaka 12. Maneno na jasho vilitembea pamoja.

Na mtihani wenyewe haukuwa ulingoni. Mwaka 1967 alikataa kuingia jeshini kwa vita vya Vietnam. Akapokonywa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana, umri wake bora ukipita. Alikata rufaa, na Juni 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta hukumu ile. Miaka yote hiyo hakurudi nyuma. Huo ndio ujasiri ninaouzungumzia: ule unaobaki wakati hakuna anayekupigia makofi.

Kwa hivyo wewe unatengenezaje sentensi zako?

Kwanza, iwe kweli leo. Usiseme "siogopi" kama unaogopa. Sema "naogopa, na nitaenda."

Pili, ikuelekeze kwenye kitendo. "Mimi ni shujaa" haikwambii ufanye nini saa nne asubuhi mbele ya dirisha la ofisi. "Nitauliza jina la ofisa na kuliandika" inakwambia.

Tatu, isemwe kwa sauti, kila siku, wakati ule ule. Sisi hili si geni kwetu. Tumelelewa na maneno ya kila siku, bismillahi kabla ya kula, adhkar asubuhi na jioni. Sentensi zako hazichukui nafasi ya dua. Omba kwanza, kisha jiandae. Bandu bandu huisha gogo.

Na nne, usiwe peke yako. Tafuta rafiki mmoja, msikilizane. Siku yako ukishindwa, yeye atakukumbusha.

Mimi bado naogopa. Hata sasa nikishika maikrofoni hii, magoti yanacheza. Tofauti ni kwamba siku hizi sishukuru ninaponyimwa haki yangu.

Kila mmoja atoe simu au karatasi, aandike sentensi moja tu ya kesho asubuhi. Usinionyeshe mimi. Mwonyeshe aliyekaa kando yako. Nawapa dakika tano, halafu tukatazame mpira.

Wabillahi tawfiq.