Kutoka Kasia la Mvuvi hadi Cheti cha Kocha

Kijana aliyekulia ziwani akivua omena anaweza kuwa kocha wa makasia, ila mazoea peke yake hayatoshi. Shirikisho la Makasia la Dunia, lililoanzishwa mwaka 1892, huwafunza makocha kwa ngazi: ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu.

Tazama tofauti na mtumbwi wa mvuvi. Kwenye boti ya mashindano, mpiga makasia huketi juu ya kiti kinachoteleza, mgongo ukielekea anakokwenda. Nguvu huanzia miguuni, ikapanda kiwiliwili, mikono ikamalizia. Kocha asiyelijua hilo huwaumiza watoto migongo. Naye Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa, asiye na miguu, alishindana katika makasia kwenye Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa nguvu ya mikono na mabega. Kocha hujifunza kuupangia kila mwili mazoezi yake.

Usalama hauna mjadala: jaketi la kuokoa maisha, na mazoezi asubuhi, kabla upepo wa alasiri haujavuma na kusukuma magugu maji.

Ukiwa na nia, uliza chama cha makasia cha Kenya kuhusu kozi ijayo. Na kama hujui kuogelea, tafadhali anza na hilo.